TULIPISHE GARI LA WAGONJWA NA GARI LA ZIMAMOTO

(Maneno haya yalisemwa na mwanachama mmoja wa idara ya treni mbele ya mkutano wa tawi, Nairobi. Yamepigwa chapa hapa kwa ajili ya wanachama waliokuwa kazini siku hiyo.)



Katibu aliponiomba niseme juu ya jambo hili, baadhi ya ndugu waliuliza chama kina shughuli gani na ving'ora vya barabarani. Walisema kazi ya chama ni mshahara, nyumba na malipo ya uzeeni. Maneno hayo ni ya kweli, wala siyapingi. Lakini nami nauliza: mfanya kazi akibanwa kati ya mabehewa yadini, mguu ukasagika, ni nani atakayemchukua? Ni gari la wagonjwa. Na gari hilo litapita wapi? Litapita katika barabara ile ile tunayopanda matatu asubuhi, na katika geti lile lile ambalo sisi wenyewe tumelisonga kwa motokaa zetu. Sheria ya fidia ya mwaka 2007 tunayo, na ni sheria nzuri. Lakini fidia hulipwa hata kwa mjane. Mimi nataka mtu afike hospitali akiwa hai.

Wengi wenu mnajua habari ya yule shanta mwenzetu. Aliumia usiku, karibu na saa mbili, wakati malori yalipokuwa yamejipanga nje ya yadi kungojea mizigo. Gari la wagonjwa liliitwa mara moja, na halikuwa mbali. Mwendo wake wa mwisho, ambao mtu angeutembea kwa dakika tano, ulichukua karibu dakika arobaini. Lori moja la kampuni ya uchukuzi lilikuwa limekaa mbele ya geti, na dereva wake alikataa kusogea akisema akitoka atapoteza nafasi yake katika foleni. Nyuma yake palikuwa na motokaa tatu za watu wetu, zimefungwa, wenyewe wako kazini. Mwishowe tulimbeba mwenzetu kwa mikono mpaka barabarani. Alipona, lakini mguu ulikatwa. Daktari hakusema kwamba ni kwa sababu ya kuchelewa, nami sitasema asilolisema daktari. Nasema tu kwamba hapana mtu aliyeweza kumwambia mkewe kuwa tulifanya kila tuliloweza.

Basi jambo la kwanza ambalo Kamati imekubali ni hili: mbele ya geti la yadi pachorwe mistari ya njano, upana wa magari mawili, na motokaa yo yote ya mwanachama itakayokutwa pale ivutwe bila kuulizwa. Barua imekwisha kupelekwa kwa wakubwa. Habari ya malori ni ngumu zaidi, maana dereva wa lori naye ni mfanya kazi, na akipoteza foleni anakatwa posho. Tumezungumza na wenzetu wa chama chao ili atakayesogea kupisha gari la wagonjwa arudishiwe nafasi yake ile ile. Usimlaumu mtu kwa kung'ang'ania foleni ikiwa foleni ndiyo chakula chake.

Sasa nieleze kwa nini dakika ni kitu kikubwa namna hii. Mtu ambaye moyo wake umesimama na hapumui, ubongo wake huanza kuharibika baada ya dakika nne mpaka sita hivi. Mtu aliyekatika mshipa mkubwa wa damu anaweza kufa kwa dakika chache kama hapana aliyeukandamiza. Mama aliyejifungua, damu ikakataa kukatika, anaweza kufa kwa muda wa saa mbili. Moto nao una saa yake. Moto wa kitanda kimoja, katika chumba kilichojaa vitu, huweza kuwa moto wa chumba kizima kabla chai haijachemka, na nyumba zikiwa za mabati na mbao hauishii katika chumba. Mliokaa karibu na Mukuru mnakumbuka tarehe 12 Septemba 1911—

Samahani, mpiga chapa asahihishe: ni 2011. Siku hiyo petroli ilivuja kutoka bomba la mafuta ikaingia mtaroni katika kijiji cha Sinai, ikashika moto, na watu zaidi ya 100 walikufa. Sisemi kwamba gari la zimamoto lingewaokoa wote, maana moto wa petroli hungoji mtu. Nasema kwamba mahali ambapo nyumba zimesongamana hivyo, na vijia ni vya mtu mmoja mmoja, kila kizuizi barabarani ni cha kuongeza juu ya vizuizi vingine vilivyoko.

Kuna jambo ambalo wengi hawalifikiri, nalo ni uzito. Sisi watu wa reli tunalifahamu, kwa sababu tumefundishwa kwamba chuma kizito hakisimami kwa kupenda. Lita moja ya maji ni kilo moja. Gari la zimamoto likibeba lita 10,000, basi limebeba tani 10 za maji peke yake, mbali na chuma, ngazi na watu. Likienda kilomita 60 kwa saa, linapita karibu mita 17 kila sekunde. Wewe ukisita sekunde tatu mbele yake, ukitazama kushoto na kulia kama kuku barabarani, limekwisha kula mita 50. Tena maji huyumba ndani ya tangi, na dereva akikata kona ghafula gari huweza kulala ubavu. Kwa hiyo usimwingilie njiani ukitumaini kwamba atakuepa.

Na gari la wagonjwa, ingawa ni jepesi, lina mtu nyuma anayemshikilia mgonjwa kwa mkono mmoja na chupa ya maji ya mshipa kwa mkono wa pili. Kila breki ya ghafula inamtupa huyo mtu. Anayemwingilia dereva wa gari la wagonjwa hamchelewishi tu. Anamwumiza mgonjwa aliye ndani.

Sheria yasemaje? Sheria ya Trafiki ya Kenya, ile Sura ya 403 iliyoanza kutumika mwaka 1954, inayaruhusu magari ya zimamoto, ya wagonjwa na ya polisi kupita kikomo cha mwendo yanapokuwa katika kazi yake, ikiwa kikomo hicho kingezuia kazi. Lakini ruhusa hiyo si leseni ya kuua. Dereva wake bado anatakiwa aangalie watu. Na sisi wengine tunatakiwa tupishe. Katiba ya mwaka 2010 iliweka kazi ya zimamoto na ya magari ya wagonjwa mikononi mwa kaunti, kwa hiyo madereva wengi wa magari hayo ni waajiriwa wa kaunti. Ni wafanya kazi kama wewe na mimi, wenye zamu za usiku na mishahara inayochelewa. Wakifika motoni wamechelewa, mara nyingine wananchi huwapiga mawe. Nimewahi kuona jambo hilo, na watu wale wale waliookota mawe ndio waliokuwa wamesimama katikati ya barabara wakitazama moto.

Ndugu, hebu tuzungumze namna ya kupisha, kwa sababu nia njema peke yake haitoshi. Nimeona dereva mwenye nia njema akisababisha ajali.

Ukisikia king'ora, jambo la kwanza si kukanyaga breki. Jambo la kwanza ni kujua kinatoka wapi. Sauti hudanganya katikati ya majumba marefu, na ukiwa ndani ya motokaa iliyofungwa vioo, redio inalia, unaweza kukisikia kimekwisha kukufikia. Punguza redio, fungua kioo, tazama kioo cha nyuma, tazama na mbele, maana pengine gari linakuja likikukabili. Ukiliona, washa indiketa ya kushoto ili dereva wake ajue umemwona na ajue unakwenda upande gani. Dereva wa gari la wagonjwa hana shida kubwa na mtu anayekwenda polepole. Shida yake ni mtu asiyejulikana atafanya nini. Kisha sogea kushoto pole pole, usimame ukingoni mpaka lipite. Hapa Kenya tunaendesha upande wa kushoto, kwa hiyo tunapishia kushoto, nalo gari linapita kulia kwetu. Anayekimbilia kulia ili kupisha ameifunga ile njia ambayo dereva alikuwa amekwisha kuichagua.

Usisimame katika kona, wala juu ya daraja, wala kileleni pa mlima ambapo anayekuja haoni mbele. Ikiwa barabara ni nyembamba na haina ukingo, endelea kwa mwendo wako wa kawaida mpaka upate mahali pa kuingia. Ni afadhali gari la wagonjwa likufuate nusu dakika kuliko kulisimamishia mahali lisipoweza kukupita. Ukiwa ndani ya raundabauti, toka kwanza, kisha usimame, usiigandie katikati. Ukiwa unakaribia raundabauti au njia panda na taa yako ni kijani, ngoja hata hivyo, maana kijani yako haimwambii kitu mgonjwa. Na yule anayekuja upande wa pili wa barabara isiyo na ukuta wa katikati, naye asogee kushoto kwake, ili katikati pafunguke.

Katika msongamano mkubwa, kwa mfano barabara kuu ya Thika iliyofunguliwa mwaka 2012, wako wanaosema: nitapisha vipi, nami sina pa kukanyaga? Jibu ni kwamba mtu mmoja hawezi, lakini wote pamoja wanaweza. Katika Ujerumani na Austria sheria inawataka madereva wafungue njia katikati mara tu magari yanapoanza kusimama, hata kabla king'ora hakijasikika. Wao huendesha kulia. Walio katika safu ya mwisho ya kushoto hujibana kushoto kabisa, na wengine wote hujibana kulia, na kati yao pakabaki uchochoro wa kutosha gari moja. Sisi tunaoendesha kushoto tungeligeuza: safu ya kulia kabisa ijibane kulia, na wengine wote wajibane kushoto. Haihitaji lami mpya wala mkopo wa Benki ya Dunia. Inahitaji kila mtu aache nafasi kati yake na gari la mbele, ili apate kukata usukani. Aliyegusana matako na mwenzake hawezi kumpisha mtu hata akitaka.

Likipita moja, usirudi barabarani kwa haraka. Gari la zimamoto mara nyingi hufuatwa na la pili, na gari la polisi nyuma yake. Tena tazama uliyempisha naye amepishwa na nani: katika kutoka kwenu wote kwa pupa ndipo mnapogongana. Na sasa niseme juu ya ugonjwa mbaya kuliko yote, nao ni ule wa kulifuata gari la wagonjwa kwa nyuma, ili mtu apenye msongamano kwa mgongo wa mgonjwa. Madereva wa matatu, mnanisikia. Wenye motokaa ndogo nao si wema. Watu wamesogea kupisha nafsi inayokatika, na wewe unapita hapo ukiwa na abiria 14 wanaowahi mjini. Huo ni wizi, hata kama polisi hakuandikii.

Abiria naye ana kazi yake. Kama uko ndani ya matatu na muziki unalia hata dereva hasikii, mwambie makanga apunguze. Ukimwona dereva anaanza kulifuata gari la wagonjwa, sema kwa sauti. Abiria mmoja akisema, makanga humtukana. Wakisema watano, dereva hurudi kwenye foleni. Sisi wanachama wa chama tunapaswa kulijua hilo kuliko mtu mwingine.

Wenye pikipiki, mnayo nafasi ya kupenya, lakini msipenye mbele ya king'ora. Wenye mikokoteni, najua mzigo ukishuka ukingoni haupandi tena bila msaada, basi sisi tunaotembea kwa miguu tumsukumie hamali mkokoteni wake. Wanaotembea wasivuke hata kama taa inawaruhusu. Na kila mtu asimamapo ukingoni apunguze kidole kwenye honi, kwa sababu honi zetu ndizo zinazokizamisha king'ora.

Padre aliyetufundisha shuleni alipenda sana ile habari ya Msamaria mwema, na sisi watoto tulimchukia sana yule kuhani na yule Mlawi waliopita kando wakamwacha mtu aliyejeruhiwa. Nimekuwa nikifikiri kwamba barabarani mambo yamegeuka. Huyu Msamaria wa leo anakuja nyuma yetu na punda wake, na kitu pekee tunachoombwa ni kupita kando. Hatuombwi mafuta, wala divai, wala dinari mbili. Na bado tunaona taabu.

Nimeulizwa na ndugu wengi: na hawa wakubwa je? Hawa wenye motokaa kubwa nyeusi, wanaowasha king'ora na taa za bluu ili wawahi mkutano, au chakula cha mchana? Ndugu, sitawaficha. Hasira hiyo ni ya haki. Kila anayewasha king'ora bila kazi ya kuokoa mtu anakiibia king'ora heshima yake. Wananchi wakisukumwa mtaroni mara kumi kwa ajili ya bwana mkubwa, mara ya kumi na moja hawatasogea, na mara hiyo ndani mna mtoto. Hilo ni jambo la kupigania, na Kamati imelitia katika orodha ya mambo ya kupeleka mbele kwa chama cha taifa, ili sheria ya nani aruhusiwe king'ora ifuatwe bila upendeleo. Lakini barabarani si mahali pa kufanyia kesi hiyo. Kwa sauti peke yake huwezi kujua aliye ndani. Pisha kwanza, andika namba ya gari, kisha lalamika. Ukikosea kwa kumpisha mwenye kiburi, umepoteza nusu dakika. Ukikosea upande wa pili, hutakuwa na la kusema.

Wengine wanaogopa kupisha kwa sababu ya kushtakiwa. Ukisukumwa na king'ora upite taa nyekundu, askari wa trafiki atakuandikia, na faini itatoka mfukoni mwako. Maneno yangu ni haya: usivuke taa nyekundu kwa pupa, hata kama gari la wagonjwa liko nyuma yako. Jibane kushoto mahali ulipo. Aliye nyuma yako atatafuta nafasi kulia. Kama yupo askari na amekupungia mkono, fuata mkono wake, maana mkono wa askari uko juu ya taa.

Sasa nafika nyumbani kwetu, kwenye reli, na hapa nitakaa kidogo.

Reli hii ya zamani iliyojengwa kutoka Mombasa tangu mwaka 1896 hukata barabara chini kwa chini katika mahali pengi. Ile mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 imejengwa juu ya madaraja na tuta, kwa hiyo haitupi taabu hiyo. Katika reli ya zamani, desturi ni kwamba garimoshi halimpishi mtu, na si kwa kiburi. Treni ya mizigo iliyojaa, hata kama dereva ameona hatari na ametia breki yote, huhitaji mamia ya mita kabla ya kusimama. Kwa hiyo hata gari la wagonjwa, hata la zimamoto, halina haki mbele ya garimoshi. Hili tuwaambie madereva wa magari hayo bila kuona haya. King'ora chao dereva wa treni hakisikii, kwa sababu ya ngurumo ya injini yake mwenyewe. Tarehe 30 Oktoba 1913, yaani 2013 (leo ulimi wangu unapenda karne ya wazee), basi la abiria liligongwa na treni mahali paitwapo Mutindwa hapa Nairobi, na watu zaidi ya 10 wakafa. Waliopanda basi lile walikuwa wanakwenda kazini kama sisi.

Lakini haki hiyo ya garimoshi inatupa sisi deni. Treni inayopita hupita kwa dakika moja au mbili, na hapana lawama. Treni iliyosimama juu ya barabara ni jambo jingine. Mnajua nisemalo. Treni ndefu ikingoja sigino nje ya stesheni, mkia wake ukabaki juu ya barabara, magari yakajaa pande zote mbili. Au tunapanga mabehewa yadini, tunakwenda mbele na kurudi nyuma, na kila mara tunaifunga njia ile ile. Gari la wagonjwa likifika hapo, hakuna ukingo wa kusogea.

Ndugu madereva, magadi na mashanta, nawaomba yafuatayo, na wakubwa wa usafirishaji tumewaeleza pia. Ukijua kwamba utasimamishwa, na urefu wa treni yako unaujua, simama kabla ya barabara ikiwa sheria ya kazi na kontroli inakuruhusu, usisimame juu yake. Ukiwa unapanga mabehewa na ukaambiwa kwamba gari la wagonjwa linangoja, acha kazi, toa mabehewa barabarani upande ulio karibu zaidi, lipite, kisha uendelee. Behewa la simenti halifi. Kama treni imesimama juu ya barabara na haiwezi kwenda, gadi apige simu kontroli mara moja, aseme kwa maneno machache: niko mahali fulani, nimefunga barabara, kuna mgonjwa. Pengine kontroli itakupa njia ya kuingia mbele kwa mita mia, na hizo zatosha.

Kukata treni katikati ni dawa ya mwisho, na mtu asifanye kwa kichwa chake. Nimesikia wananchi wakipiga kelele, "Ikateni! Ikateni!" kana kwamba treni ni mkate. Ukiitenganisha bila kufunga breki za mkono katika kipande cha nyuma, na mahali pana mteremko, mabehewa yatatembea yenyewe, na badala ya mgonjwa mmoja utakuwa na maiti ishirini. Lazima amri itoke kontroli, breki zifungwe pande zote mbili, na baadaye bomba la breki lipimwe upya kabla ya kuondoka. Kazi hiyo ni ya dakika nyingi. Ikiwa kuna njia nyingine ya kuzunguka, heshima ni kumwambia dereva wa gari la wagonjwa upesi, "Bwana, hapa utakawia, zunguka," kuliko kumwacha akitumaini.

Mlinzi wa geti la reli naye apewe simu inayofanya kazi. Hili nalisema kwa wakubwa, maana si kosa la mlinzi. Tunamweka mtu peke yake na bendera na taa, hana namba ya stesheni wala ya hospitali, kisha tunamwambia alinde maisha ya watu. Namba za dharura ni 999 na 112, kila mwanachama azijue. Lakini mlinzi anahitaji zaidi ya hizo, anahitaji stesheni mbili zilizo karibu naye zimjibu.

Jambo moja zaidi juu ya umati wa watu. Ijumaa tarehe 7 Agosti 1998 bomu lililipuliwa katika ubalozi wa Marekani, palipokutana Moi Avenue na Haile Selassie Avenue, hatua chache kutoka stesheni yetu ya Nairobi. Waliokufa hapa Nairobi walikuwa 213, na walioumia walikuwa maelfu. Wazee wetu waliokuwa zamu siku ile wanaeleza kwamba watu walichukuliwa hospitali kwa kila kitu chenye magurudumu: matatu, mabasi, pick-up za mboga. Hapo nawasifu madereva wa matatu kwa moyo wote, baada ya kuwasema. Lakini wazee hao hao wanaeleza namna watu walivyomiminika kutazama, mpaka waliotaka kuokoa wakalazimika kusukumana na waliotaka kuona. Siku kama ile, asiye na kazi pale anapisha kwa kwenda zake. Na mwenye nguvu za mwili aliyebaki afanye kazi ya kuweka watu kando kwa mikono, ashikane na wenzake, wafungue njia kutoka mahali pa ajali mpaka barabara kubwa. Sisi tumezoea kupanga mistari wakati wa mgomo. Tunaweza kuipanga na siku hiyo.

Katika nyumba zetu, zile wazee walizoziita landi, nimehesabu mwenyewe vibanda saba katika njia moja ambayo gari la zimamoto lingeingilia. Wenye vibanda ni wake zetu na dada zetu. Sitaki vibomolewe, nataka visogezwe hatua mbili, na kamati ya akina mama imekubali kusimamia jambo hilo kabla ya mwisho wa mwezi huu. Mabomba ya maji ya zimamoto yaliyoko uani, yale yaliyofunikwa na takataka, yafunuliwe. Bwana fundi wa maji ameahidi kutuonyesha yalipo, maana hata mimi nimeyajua mawili tu.

Jumamosi saa nne asubuhi wenye motokaa, pikipiki na mikokoteni wakutane katika uwanja nyuma ya karakana. Tutachora barabara kwa chokaa, safu tatu, na kujizoeza kufungua njia. Dereva mmoja wa gari la wagonjwa, aliye nje ya zamu siku hiyo, amekubali kuja kutueleza anachokiona yeye akiwa nyuma ya usukani. Tafadhali mwenye swali lake amwekee yeye, kwa sababu ataondoka saa sita.

Namrudishia Mwenyekiti.